Watu wa Besi

Neno lililomkera Kokuberwa kuliko yote lilikuwa "haisikiki." Kwa miaka miwili, kila mazoezi ya kwaya yalipokwisha pale kanisani Goba, mwalimu wa kwaya, Godlisten, alivua miwani, akapangusa vioo kwa ncha ya shati, halafu akasema, "Kimsingi, tumeimba vizuri. Ila besi haisikiki." Na kwaya nzima ikageuka kumtazama Kokuberwa, aliyekaa kwenye stuli pembeni ya dramu na gitaa lake la besi mapajani, kana kwamba kakamatwa na sadaka mfukoni.

Ingesikikaje? Gitaa lake lilichomekwa kwenye mikisa ileile ya kuchanganyia sauti za maiki za waimbaji, sauti ikatokea kwenye spika mbili za ukutani ambazo kazi yake ni kusomea matangazo ya ndoa. Spika zile ni za maneno. Ukizipa sauti nzito zinaguna kidogo, kisha zinaimeza. Kokuberwa alishayasema hayo kwa upole, akayasema kwa ukali, akayasema mpaka mate yakamkauka. Godlisten alikuwa na jibu lake moja, nalo lilikuwa vidole. Vidole vya mwanamke ni vyepesi, kimsingi, wala si kosa lake.

Mwenye vidole hivyo vyepesi alikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, na mteja akizubaa alikuwa ananyanyua mfuko wa saruji mwenyewe na kuutupa kwenye bajaji. Besi alifundishwa na kaka yake Revelian, huko Bukoba, kabla hata hajajua kupika ndizi zikaiva sawasawa. Gitaa alilinunua kwa jasho lake alipohamia Dar, na hakuna mkristo aliyemchangia hata waya. Alikuwa anajua anachokifanya. Ndiyo maana hasira yake haikuwa ile ya kuja na kuondoka. Ilikuwa imehamia kabisa, ina kitanda chake na ndoo yake ya kuogea.

Na mwaka huu mambo yalifika pabaya zaidi. Mwezi wa kumi kulikuwa na tamasha la kwaya Madale, kwaya za mitaa yote ya upande ule zikikutana uwanja mmoja, na Godlisten alitangaza mbele ya watu kwamba besi isiposikika Madale, ile stuli ataikalia mtu mwingine. Mtu mwenyewe alikuwa ameshamtaja. Ni Fredrick, shemeji yake, kijana wa sauti nzito aliyeimba mstari wa nyuma, na ambaye alikuwa anajifunza gitaa kwa kutazama video kwenye simu. Kokuberwa aliyasikia hayo amesimama, akayameza. Wiki nzima alikuwa anawahesabia watu misumari na kubishana nao kuhusu bei ya bati. Jumapili, kwenye ile stuli, ndipo alipokuwa mtu. Wakimnyang'anya hiyo hakuwa na nyingine.

Kwa hiyo wazee wa kanisa walipokubali kununua ampu ya besi ya kubebeka, alifurahi mpaka akajiona mjinga. Walitaka ampu ya kukuzia sauti na spika yake ndani ya kasha moja, yenye mpini na betri, ya kwenda nayo kwenye misiba na harusi na mikutano ya injili ambako umeme ni wa kubahatisha. Godlisten ndiye aliyeleta habari. Alisimama mbele, akapangusa miwani, akasema kwamba, kimsingi, watakaokwenda kuchagua ni watu wa besi.

Watu wa besi. Kokuberwa alitazama kushoto na kulia. Katika kanisa lile mpiga besi alikuwa mmoja tu. Ule wingi aliuchukulia kuwa adabu, kama mgeni mmoja anavyoambiwa karibuni. Akaona basi, Mungu si Athumani wala si Godlisten, leo wamekumbuka.

Akajiandaa. Jioni moja alijaza ndoo maji, akapanda nayo kilima cha kanisani kutoka barabara ya lami, kwa sababu vitu vyote vya kwaya hupanda na kushuka kilima kile mikononi mwa watu. Ndoo nzima ilimshinda katikati ya mlima, pale penye mawe, akaketi juu ya jiwe anahema. Akamwaga nusu. Nusu ndoo aliifikisha mlangoni na bado akaweza kumsalimia mlinzi bila kukatisha neno. Hapo akajua: ampu isizidi nusu ndoo. Majirani walimwona siku tatu mfululizo akipandisha maji kanisani, wakauliza kama bomba la huko limekatwa. Alikuwa anangoja kuambiwa siku ya kwenda dukani.

Hakuambiwa. Jumamosi alifika mazoezini, mkoba wa gitaa mgongoni, akakuta kwaya imekizunguka kitu kilichofunikwa kitenge. Fredrick alikifunua kwa madaha, na kwa kweli alikuwa na furaha ya mtoto. Lilikuwa spika kubwa jeusi la kufika kiunoni, lenye magurudumu mawili na mpini wa kuvuta kama sanduku la safari. Mbele yake kulikuwa na duara la taa lililokuwa linabadilika kutoka bluu kwenda kijani kwenda zambarau, na pembeni maiki mbili za kuimbia kwenye sherehe za watoto.

"Hiki ni nini?" Kokuberwa aliuliza.

Fredrick akasema ni spika ya besi. Godlisten akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi, kwamba walikwenda Mabibo, dukani kwa Mzee Hamoud, yeye na Fredrick na wenzao wawili wa mstari wa nyuma. Walilijaribu kwa muziki wa kwenye simu, na besi ikatikisa vioo vya kabati.

"Mlienda nyie kama nani?"

"Kama watu wa besi. Si tulitangaza?"

"Na mie?"

"Wewe ni alto, Koku."

Hakulisema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Alilisema kama anayemkumbusha mtu jina la mtaa anaokaa. Maana kwaya ina lugha yake, na katika lugha hiyo besi ni sauti kabla haijawa gitaa: kuna soprano, kuna alto, kuna teno, kuna besi, na besi ni wanaume. Siku Kokuberwa anajiunga aliulizwa anaimba sauti gani, akasema alto, na tangu siku hiyo akawa alto hata akiwa amebeba gitaa la besi begani. Wazee waliposema watu wa besi, Godlisten aliwaona wanaume wanne wenye vifua vya kutoa sauti. Hao wanne wakaenda kumchagulia ampu mtu ambaye hawakumkumbuka, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipigia kwaya gitaa la besi.

Kokuberwa alicheka, kicheko kile kibaya ambacho ndugu zake wanakijua. Eliaichi, rafiki yake wa alto, alimshika mkono akamwambia atulie. Hakutulia. Alisema kwamba hiki si kifaa cha gitaa, ni kifaa cha baa. Alisema waliotaka cha kubebeka wameleta mzigo. Godlisten akamwonyesha magurudumu. Magurudumu, Goba, kwenye vilima vya mchanga na mawe ambako hata pikipiki zinashuka zikiomba dua.

"Jaribu kwanza," Godlisten alisema. "Kimsingi, unahukumu kabla hujasikia."

Akajaribu. Alichomeka waya, akapiga uzi mnene taratibu. Spika likatoa mlio wa kopo lililokanyagwa. Akaongeza kidogo, na taa zote zikazimika pamoja na sauti. Baada ya muda zikawaka tena, na mwanamke aliyerekodiwa humo ndani akatangaza kwa Kiingereza kwamba yuko tayari kuunganishwa. Soprano wakacheka. Ikawa hivyo mazoezi yote: Kokuberwa akigusa nyuzi za chini, spika linazimika, mwanamke anarudi na salamu zake. Mwishoni Godlisten alipangusa miwani akasema labda vidole vimezidi nguvu sasa.

Kwanza vidole vyepesi, sasa vizito. Kokuberwa alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Angeweza kulia lakini hasira haikumpa nafasi.

Jumapili ndiyo iliyomaliza kesi, ingawa si kwa haki. Mchungaji alikuwa katika sala ya mwisho, watu wamefumba macho, wakati spika lile lilipojiunganisha lenyewe na simu ya mtu aliyekuwa nje ya ukuta, fundi wa bodaboda au nani sijui. Singeli, muziki wa vigodoro vya mitaani, ikamwagika kanisani kwa kasi yake yote, na taa za zambarau juu. Fredrick alirukaruka akitafuta pa kuzimia. Alipopapata, mchungaji alikuwa amesema amina peke yake.

Siku ileile wazee wakaamua kitu kile kirudi kilikotoka. Kokuberwa alikuwa amelalamika wiki nzima hakusikilizwa. Singeli ilisikilizwa mara moja.

Godlisten akasema atakwenda Jumanne na watu wa besi. Hakuna aliyemwalika Kokuberwa. Aliomba ruhusa kazini, akabeba gitaa lake, akafika Mabibo kabla yao, akawangoja nje ya duka la Mzee Hamoud, upande wa soko la Mahakama ya Ndizi, ambako malori yanashusha mikungu mchana kutwa na barabara nzima inanuka maganda. Godlisten alipomwona alikunja uso.

"Umekuja na wewe?"

"Nimekuja na gitaa. Nyie mmekuja na nini?"

Hawakuja na kitu, isipokuwa lile spika, lililoletwa na bajaji. Wale wawili wengine wa mstari wa nyuma hawakutokea kabisa. Walikuwa Godlisten na Fredrick tu.

Mzee Hamoud alikuwa mtu mnene, mpole, aliyelirithi duka kutoka kwa baba yake aliyekuwa anauza redio palepale. Kokuberwa alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akawaeleza wote watatu kwa upole uleule kwamba fedha ikishaingia dukani kwake husahau njia ya kutokea. Kubadilisha sawa, kurudisha hapana. Akauliza mpigaji ni nani. Godlisten akajibu haraka kwamba wao ni watu wa besi. Kokuberwa alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni, lakini safari hii alikuwa na kazi ya kufanya, akaiacha ipande.

Godlisten alilifuata kubwa. Madukani watu hufuata kubwa. Lilikuwa sanduku la ampu lenye spika pana kama sinia la pilau, jeusi, lina pembe za chuma, na kwa kweli lilikuwa zuri. Alilipiga kofi mgongoni kama anayenunua ng'ombe.

"Linyanyue," Kokuberwa alisema.

"Watabeba vijana."

"Linyanyue wewe kwanza, Mwalimu."

Mbele ya Mzee Hamoud asingeweza kukataa. Alilinyanyua kwa heshima zote, akaenda nalo mpaka karibu na mlango, akalitua, na akajifanya ametua ili alitazame vizuri kwenye mwanga.

"Vijana gani watabeba?" Kokuberwa aliendelea. "Msibani Madale, kwa mama Hope, spika za kwaya alizibeba nani? Mie na Eliaichi, kanga kiunoni, tumezipandisha mpaka juu. Nyie watu wa besi mlikuwa mmeshakaa mnakunywa chai."

Fredrick alitazama chini. Alikuwapo msibani, na chai alikunywa.

Kokuberwa akatoa gitaa kwenye mkoba, na hapo akafanya jambo ambalo hata yeye hakulipanga. Alimpa Fredrick. Akamvisha mkanda begani, akamwekea kidole chake kwenye uzi mnene, akamwambia apige huo tu, polepole, asiguse mwingine, asiache mpaka aambiwe. Kisha akamwomba Mzee Hamoud achomeke ampu ndogo iliyokuwa juu ya meza, ndogo ya kubebwa kwa mkono mmoja, na yeye akatoka nje.

Ndani ya duka ile ndogo ilikuwa tamu. Alipofika kizingitini utamu ulikuwa umepungua nusu, na alipovuka barabara akasimama kati ya mikungu ya ndizi, ameligeuzia duka mgongo, hakusikia kitu ila wapagazi wakigombana. Ampu ya kujifunzia chumbani. Alirudi akatikisa kichwa. Kubwa nalo alilipa haki yake: lilivuka barabara, likavuka malori, na huenda lilifika hosteli za wanafunzi. Lakini halikuwa na betri, na lilikuwa zaidi ya ndoo nzima.

"Ile kule," alisema, akionyesha chini ya rafu. Ilikuwa ya ukubwa wa kati, kitambaa cha mbele kimefifia, kona moja imechubuka. Mzee Hamoud alisema ilikuwa ya kuonyeshea wateja, ndiyo maana ina makovu. Kokuberwa akavuka barabara tena, akageuka mgongo tena. Fredrick akagonga uzi. Sauti haikuja kwa kelele. Ilipita chini ya kelele zote, chini ya injini na matusi ya wapagazi, ikamfikia kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Kokuberwa alisimama pale huku mtu wa ndizi anamwambia apishe, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi alisahau kukasirika.

Alirudi, akaomba umeme uzimwe ukutani. Fredrick aliendelea kupiga, ampu ikaendelea kwa betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kokuberwa alishika mpini, akainyanyua, akatembea nayo kutoka mlangoni mpaka kaunta na kurudi.

"Nusu ndoo," alisema. Hakuna aliyemwelewa.

Godlisten aliinama akaitazama ile kona iliyochubuka. Alisema kimsingi ni kifaa kibaya cha kuweka mbele ya watu. Kokuberwa akasema ndiyo hii. Godlisten akauliza kama lile kubwa haliwezi kupatikana lenye betri. Kokuberwa akasema ndiyo hii. Adhana ya alasiri ikasikika, na Mzee Hamoud akaanza kuvuta mlango wa upande mmoja, akawaambia wachague, yeye anakwenda kuswali.

"Ndiyo hii, Mwalimu," Kokuberwa alisema kwa mara ya tatu.

Godlisten alimgeukia Fredrick, aliyekuwa bado amevaa gitaa, jasho linamtoka kwa kupiga uzi mmoja. "Shemeji, unaonaje?"

"Hii ndiyo," Fredrick alisema.

"Basi sawa," Godlisten alisema, akamwambia Mzee Hamoud, "tunachukua hii. Watu wa besi tumekubaliana."

Ingekuwa ni mtu mwingine angelifurahia hilo tu kwamba kilichotakiwa kimepatikana. Kokuberwa hakuwa mtu mwingine. Alilivua gitaa begani kwa Fredrick, akaibeba ampu mwenyewe mpaka kituoni, na njia nzima alikuwa anajibizana na Godlisten kichwani, akimshinda kila mara.

Siku ya tamasha Madale ilikuwa na jua kali. Uwanja ulikuwa juu ya kilima, turubai zimefungwa kwa waimbaji, wazee wa makanisa wamepangwa mbele kwenye viti vya plastiki. Kokuberwa alipanda na ampu yake mkononi na gitaa mgongoni, akafika juu anapumua vizuri. Umeme ulikatika kwaya ya tatu ikiimba, na kinanda chao kikafa katikati ya ubeti. Jenereta ikatafutwa, ikawashwa, ikatosha kwa maiki na kinanda na si zaidi. Kwaya ya Goba ilipoitwa, Kokuberwa hakuomba waya wa mtu.

Wimbo wa kwanza ukaenda kama hawajawahi kuimba tangu wazaliwe. Besi ilikuwa chini yao yote, imara, na kila sauti ilipata pa kusimama. Soprano waliacha kupiga kelele kwa sababu hawakuhitaji tena. Kokuberwa aliwaona akina mama wazee wa mstari wa mbele wakianza kutikisa mabega bila kujua wanafanya hivyo. Aliona mtu wa kwaya nyingine akichungulia ile ampu yenye kovu, haamini. Makofi yalikuwa marefu. Moyo wake ulikuwa umejaa, na kama Godlisten angenyamaza pale, yote yangesameheka.

Godlisten hakunyamaza. Alichukua maiki, akapangusa miwani.

"Kimsingi, wengi mnajiuliza leo besi yetu imekuwaje. Nawashukuru watu wetu wa besi, waliohangaika mpaka Mabibo kutuchagulia kifaa kile. Watu wa besi, songeni mbele wawapigie makofi."

Wakasonga, wale wawili wa mstari wa nyuma ambao Jumanne hawakukanyaga Mabibo. Walipunga mikono. Fredrick alipiga hatua moja, akamtazama Kokuberwa, akasimama njiani, si mbele si nyuma. Wazee wakapiga makofi kwa adabu. Kokuberwa alikaa kwenye stuli yake ameinamia gitaa, na hasira ile yenye kitanda chake ikaamka, ikavaa, ikaja kukaa karibu naye.

Wimbo wa pili ulikuwa unafunguliwa na besi peke yake. Ndivyo walivyoufanyia mazoezi: besi inatembea kwanza, kisha dramu, kisha sauti. Godlisten alirudi mahali pake, akainua mkono, akaushusha.

Kimya. Taa ndogo ya ampu ilikuwa inawaka. Kiganja cha Kokuberwa kilikuwa kimelala juu ya nyuzi.

Godlisten akainua mkono tena, akaushusha tena. Watu wa viti vya mbele walianza kugeuka. Eliaichi, kutoka mstari wa alto, alimnong'oneza, "Koku, piga. Tunaaibika." Na ni kweli walikuwa wanaaibika, Eliaichi pia, yeye ambaye hakumkosea kitu na aliyebeba naye spika msibani. Hilo lilimuuma Kokuberwa kuliko alivyotarajia. Lakini hakuondoa kiganja.

Godlisten alimwendea, akainama karibu na sikio lake. Maiki ilikuwa bado mkononi, na ilikuwa wazi.

"Koku," alisema. "Besi haisikiki."

Uwanja mzima wa Madale ukasikia. Kokuberwa alimtazama usoni, na sauti yake nayo ikapita kwenye maiki ileile, bila kupaazwa.

"Watu wa besi hao hapo mbele, Mwalimu. Waambie wapige. Mie ni alto."

Mtu mmoja kwenye mahema alicheka, kisha akajutia. Godlisten aligeuka akawatazama watu wake wa besi. Mmoja alikuwa anakagua viatu vyake. Mwingine alikuwa ameanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Fredrick peke yake hakuhama. Aliinua kidole kilekile kilichopiga uzi mnene dukani, akamwelekezea Kokuberwa, mbele ya watu wote, akakiacha hapo.

"Kimsingi," Godlisten alisema kwenye maiki, na safari hii hakukuwa na kitu baada yake. Alivua miwani. Hakuipangusa. Alisimama nayo mkononi, jua limemkaa kwenye paji la uso, na Kokuberwa akangoja. Angengoja mpaka jenereta iishiwe mafuta.

"Mtu wetu wa besi ni huyu," Godlisten alisema mwishoni. "Kokuberwa. Yeye ndiye aliyechagua."

Alikuwa ameota siku ya kusikia maneno hayo, na katika ndoto zake hasira ilikuwa inaondoka hapohapo. Haikuondoka. Ilikuwa ya miaka miwili, isingehama kwa sentensi moja. Basi akaamua kuitumia. Aliinama, akageuza kitufe cha sauti mbele kidogo, akaondoa kiganja, akaupiga uzi mnene.

Viti vya plastiki vya wazee vikatetemeka. Godlisten alikuwa ameshafika mahali pake na ameinua mkono, lakini hakuushusha. Alikuwa anamtazama yeye, anasubiri aambiwe lini aushushe.